Gari ya Bwana Nasser Iliyolala Chwaka

Msisikie mtu anaitwa Mkubwa mkadhani ni pande la mtu. Mkubwa Jecha, fundi bodi wa Saateni, akisimama nyuma ya mlango wa gari huonekana kofia tu, na kofia yenyewe kachagua ndefu makusudi. Jina alipewa na bibi yake kwa kumtakia heri, na heri ikaingia mikononi badala ya miguuni. Lakini mikono ile, jamani! Gari ikija imebonyea kama sufuria iliyoangushwa shughulini, Mkubwa huigonga kwa kibao na nyundo, tuk, tuk, tuk, sikio kaliinamisha kama anayesikiliza tarabu, na jioni mwenye gari anapita mara mbili bila ya kuitambua mali yake. Kutoka Nungwi mpaka Makunduchi hakuna anayemfikia. Kama yuko, basi alijifunza kwake na hakurudi kushukuru.

Dukuduku moja tu alikuwa nalo. Miaka thelathini kanyoosha daladala, vigari vya mkate na teksi za watalii, na katika zote hizo hakuna hata moja iliyomfanya mpita njia ageuze shingo.

"Mimi ni mpishi wa hospitali," alikuwa akimwambia mkewe, Ulfat. "Napika kila siku, na hakuna hata mmoja anayeuliza nani kapika."

Sasa, Alhamisi moja, Khalil akaingia gereji na habari. Khalil ni fundi injini, wanagawana kivuli kimoja na Mkubwa. Mrefu kama mnazi, na mdomo wake hauna breki.

"Mkubwa, unamjua Bi Kulthum, mjane wa marehemu Bwana Nasser wa Shangani? Anauza nyumba yao ya Chwaka. Anatoa vitu vyote. Na ile gari ya spoti ya mumewe imo, iko bandani."

Nyundo ikamtoka Mkubwa mkononi ikaangukia kidole cha mguu, na hakuhisi.

"Ile MG ya kijani?"

"Hiyo hiyo. Lakini Jumamosi alasiri anakuja mnunuzi wa vyuma chakavu kuipakia. Kama unaitaka, una siku mbili za kurukwa na akili."

Mkubwa aliijua gari ile tangu yuko mtoto wa chuo cha Kurani. Bwana Nasser alikuwa akiiegesha Forodhani, milango miwili, haina paa, imelala chini kama paka anayenyemelea panya. Siku moja Bwana Nasser akamwita, "We mtoto!" Akaitika, "Naam!" "Njoo upige honi." Mkubwa akapiga honi ile mpaka kunguru wa Forodhani wote wakahama, na tangu siku hiyo moyo wake umebaki pale kwenye usukani. Miaka ikaenda, Bwana Nasser akaugua, gari ikapelekwa Chwaka, na watu wakaisahau. Mkubwa hakuisahau.

Tatizo lilikuwa moja. Ili ainunue ilimbidi auze pikapu yake, na pikapu ndiyo inayobeba mitungi ya gesi, ndiyo inayokwenda kuchukua kazi mashamba, ndiyo inayotia sahani mezani. Khalil alikuwa akiitamani pikapu ile miaka miwili. Wa kuinunua yupo, basi. Wa kuridhia ndiye aliyekuwa hajapatikana, naye alikuwa nyumbani Mkunazini akitoa samaki miba.

"Utaiweka wapi?" Ulfat akauliza. "Kichochoro hiki hata Vespa inapita imevuta tumbo."

"Italala gereji."

"Na wewe?"

"Mimi ntalala hapa."

"Tutaona."

Mkubwa akasogeza sahani. "Ulfat, mimi nna miaka hamsini na mbili. Nataka kabla sijaitwa nitengeneze kitu kimoja tu ambacho mtu akikipita asimame aulize, jamani, nani kafanya hii?"

Ulfat akaunyanyua mwiba wa changu kwa vidole viwili.

"Si nyinyi mafundi mnaosema gari ni mifupa, nyama mtabandika? Basi nenda Chwaka katazame mifupa. Ikiwa mizima, uza pikapu, mimi sitii neno. Ikiwa imeoza, urudi na pikapu yako, na gari hiyo isitajwe tena ndani ya nyumba hii. Hata ndotoni usiropokwe."

Hukumu ikapita, wala hapakuwa na pa kukatia rufaa.

Jumamosi asubuhi Mkubwa na Khalil wakafika Chwaka na pikapu. Bi Kulthum alikuwa barazani, mabegi yake yamefungwa, kuku wake wanamzunguka.

"Shikamoo, Bi Kulthum."

"Marahaba, wanangu. Nyinyi ndio mafundi? Mmoja mrefu, mmoja kifupisho chake." Akacheka peke yake. "Haya, piteni bandani. Lakini kuku anayelalia msimghasi."

Na kweli, ndani ya banda la makuti gari ilikuwepo, imekalishwa juu ya magogo ya mnazi, vumbi hili, na juu ya kiti cha abiria kuku mweupe kakaa anawatazama kama mwenye gari anayesubiri dereva. Turubai la paa lilikuwa limekwisha. Viti vimechanika. Kioo cha taa moja hakipo. Mwengine angeona jalala. Mkubwa aliona Forodhani na kunguru wake.

"Bismillahi," akasema, akaanza kazi.

Fundi bodi hanunui kwa macho, hununua kwa sikio. Akagonga bawa la mbele, lile bati la juu ya gurudumu, kwa fundo la kidole: ting! Akagonga mlango: ting! Akapitisha sumaku yake iliyofungwa uzi, kwa sababu sumaku haidanganywi na pati, ule udongo wa kuzibia mabonyeo. Palipokuwa na chuma ikanasa, na ilinasa karibu kila mahali. Kila ting moja, roho inapanda ngazi. Khalil naye akatia mafuta kwenye vitundu vya plagi, akangoja, akatia spana kwenye nati ya kuzungushia injini, akaning'inia na urefu wake wote. Injini ikagoma. Akaning'inia tena. Ikaguna, ikazunguka nusu.

"Inakwenda!" Khalil akasahau kwamba yeye amekuja kwa ajili ya pikapu tu. "Mkubwa, mashine inakwenda!"

Mkubwa akaruka ndani nyuma ya usukani, na hapo ndipo alipokaribia kulia. Miguu ilifika! Miaka thelathini anaendesha magari ya watu na mto wa kochi mgongoni, leo kapata gari iliyoshonwa kwa kipimo chake. Khalil alijaribu upande wa pili, baada ya kuomba radhi kwa kuku, na magoti yakamfika masikioni.

"Hii ni gari ya watu wa maana," Mkubwa akamwambia. "Warefu mtakuja na basi."

Ikabaki mifupa. Mkubwa akalala chali, akajisukuma chini ya gari na tochi. Harufu iliyompokea huko haikuwa ya gari, ilikuwa ya soko la samaki mwisho wa siku. Na chesisi yenyewe, ule uti wa mgongo unaobeba gari nzima, haikuonekana. Palikuwa na gaga la kijivu na hudhurungi, nene kama mkate wa kumimina, limevimba na kupasuka pasuka. Khalil akaingiza mkono na kuchoma kwa bisibisi. Bisibisi ikazama, taratibu, kama inaingia kwenye kitu kilichopikwa, na vipande vikamwagika usoni kwa Mkubwa.

"Mkubwa," Khalil akasema, na safari hii hakuwa na mzaha. "Hii si chuma tena. Hii halua."

Mkubwa akachoma mahali pengine. Ikazama. Pengine. Ikazama. Akalala pale na tochi kifuani kama maiti aliyezikwa na taa yake. Alijua kabisa anachokiona: kutu iliyovimba, hewa ya chumvi ya miaka yote hiyo, nini tena? Gari ya namna hii ukiibeba inakatika kati kama muhogo. Akamkumbuka Ulfat na mwiba wake.

Nje honi ikalia. Lori la mnunuzi wa vyuma limefika kabla ya alasiri, na mwenyewe kashachungulia bandani.

"Vipi, mafundi? Mnaichukua au niipakie? Mimi sichagui, nzima na mbovu kwangu ni kilo."

Mkubwa akajitoa chini ya gari, akajifuta uso kwa kofia. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi, "ichukue", limebaki kutemwa. Ndipo akaingia mzee mmoja amejifunga kikoi, mikono imekauka chumvi. Hakusalimia. Alitazama vile vipande chini, akainama, akaokota kimoja, akakinusa.

"Nani kachokonoa shahamu yangu?"

Wote watatu wakatazamana.

"Shahamu ipi, mzee wangu?" Mkubwa akauliza.

"Hii! Chokaa na mafuta ya ng'ombe, nimepika mwenyewe." Mzee huyo alikuwa Ubwa, mvuvi, jirani wa nyumba ile na mtunzaji wake. "Kila mwaka kabla ya masika, nikishapaka ngalawa yangu, napaka na hii. Kwanza mafuta ya papa, halafu shahamu. Mnakuja nyinyi kutoka mjini mnanitobolea kama panya!"

"Nani kakwambia gari inapakwa shahamu?" Khalil akauliza.

"Nani kakwambia haipakwi?" Mzee Ubwa akamkodolea macho. "Bwana Nasser kanishika mkono, akasema, Ubwa, nitazamie gari yangu. Kitu kinachokaa karibu na maji ya chumvi kinatazamwa vipi? Kwa macho?"

Sasa mnacheka, lakini fikirini. Mkubwa ni mtoto wa mjini, bahari anaijua akiwa mchuzini. Miaka thelathini ya ufundi, na hajawahi kugusa tumbo la ngalawa. Alichokiona ni alichokizoea, akasema kutu.

Hakungoja neno la pili. Alipiga mbizi chini ya gari kama aliyedondosha pete kisimani, mkononi kisu cha pati. Akakwangua. Tabaka la mwaka huu likatoka, la mwaka jana likatoka, la miaka ya nyuma likatoka limekauka kama gamba la kitunguu. Halafu kisu kikalia. Krrr. Akamulika tochi. Chuma, tena cheusi, kinang'ara kwa mafuta, rangi ya kiwandani bado imo!

Akaomba nyundo. Akagonga.

TING!

"Khalil! Umesikia?"

"Nimesikia."

"Hujasikia! Lala chini usikie!"

Khalil akalala chini, miguu yake ikatokeza nje ya banda. Mkubwa akakwangua mbele, akakwangua nyuma, akaenda kulia na kushoto, kila anapokwangua anagonga, na kila anapogonga panaimba, mpaka kuku akainuka kwenye kiti akaondoka kwa hasira akaacha yai. Alikuta tundu moja tu, nyuma karibu na springi, kama kisahani cha kikombe, mahali ambapo mkono wa mzee haukufika.

"Pale ntashona kiraka," akasema, na aliposema "ntashona" yeye mwenyewe akajua ameshanunua.

Mnunuzi wa vyuma akageuza lori lake. Bi Kulthum akaitwa. Bei waliyopatana ni ya wawili wale, na aliyesikia ni kuku tu.

"Na kuku hayumo kwenye bei," Bi Kulthum akasisitiza. Halafu akaupitisha mkono juu ya mlango, akafuta vumbi kidogo kwa ncha ya buibui. "Nasser alikuwa akiikimbiza, mimi nafumba macho. Usiikimbize hivyo."

"Ewallah, Bi Kulthum," Mkubwa akasema, na alikuwa anadanganya.

Akapiga simu Mkunazini.

"Mifupa?" Ulfat akauliza, hata salamu hakuna.

"Mizima! Isipokuwa kitundu kimoja."

"Kitundu kimoja hata mimi ninacho, jinoni. Na pikapu?"

"Nshampa Khalil."

"Sasa mbona unanipigia makelele?"

"Nna furaha, mke wangu!"

Fundi baiskeli wa Chwaka akaziba mipira ya ndani ya matairi, yakashika upepo kwa shingo upande. Kwa vile breki hazikuwepo, hawakufunga kamba. Wakafunga boriti ya mkoko kati ya magari mawili, ili moja isimpande mwenziwe mgongoni. Mzee Ubwa akakagua mafundo, akayafungua yote, akayafunga upya.

"Kila mwaka kabla ya masika, muilete," akasema.

"Kila mwaka, mzee wangu. Nitaileta mimi mwenyewe."

Basi wakaondoka, Khalil mbele na pikapu yake mpya, Mkubwa nyuma kashika usukani wa gari isiyo na paa, kifua mbele, anawapungia watu wa Dunga kama waziri. Tatizo lilikuwa jua. Jua likaipasha ile shahamu na mafuta ya papa, yakaanza kuyeyuka, na harufu ikatangulia mbele kama king'ora. Walipofika mjini Khalil, kwa ukorofi wake, akapitia Darajani, kwenye soko la samaki. Walipotoka Darajani nyuma yao walikuwa na paka saba. Saateni waliingia na paka kumi na mmoja, mikia juu, kama maharusi wanasindikizwa.

Ulfat alikuwa amesimama mlangoni mwa gereji, ncha ya mtandio puani. Akaizunguka gari mara moja. Akawaruka paka wawili. Akaizunguka tena, taratibu zaidi, akagusa lile bawa la mbele lililojikunja kama bega la mtu anayecheza.

Watu walishaanza kusimama. Bwana mmoja akashuka kwenye baiskeli, akaziba pua kwa vidole viwili, akatazama paka, akatazama gari, akatazama yale mafuta yanayodondoka.

"Jamani!" akasema. "Nani kafanya hii?"

Mkubwa akajiinua kwenye kiti ili aonekane, lakini mkewe alikuwa amemtangulia. Ulfat aliushusha mtandio puani, akanyanyua kidevu.

"Mume wangu," akasema. "Na bado hajaanza."