Koti la Kakakuona

Ukipita Mkuza, Kibaha, ukauliza fundi makochi, utaelekezwa kwa Mbaraka Seifu. Ndiyo kazi yake: sponji, mbao, kitambaa cha maua, mteja anaondoka. Lakini kochi lilikuwa linampa ugali tu. Mtu mwenyewe ulikuwa unamkuta Jumapili nyuma ya nyumba, chini ya kibanda cha bati, ameinama na msharasi mkononi, akitoboa ngozi. Alikuwa akishona mavazi ya vita. Deraya hasa, kama za askari wa enzi hizo: kifua, mgongo, mabega, mpaka vya kufunika mikono. Vita Kibaha hakuna, na hakuna aliyemwagiza. Akimaliza moja analitundika ukutani, analitazama siku kadhaa, kisha anaanza jingine.

"La nini sasa hilo, fundi?" watu walimwuliza.

"La kutazama."

Mkewe, Hajra, alikuwa ameshachoka na harufu. Alipenda kuwaambia mashoga zake, Mbaraka akiwa hapo hapo anasikia: "Ninyi waume zenu wana wanawake nje. Wangu mimi ana ngozi. Afadhali yenu, mwanamke anaoga."

Na harufu ilikuwapo kweli. Kila Idi ya kuchinja Mbaraka alikwenda kijiji cha Janga, kwa watu waliokula nyama wakabaki na ngozi wasiyojua waipeleke wapi. Anazitia chumvi, anazikwangua manyoya, anazilaza kwenye pipa la magome ya mgunga mpaka maji yanakuwa mekundu kama chai ya rangi iliyolala. Ngozi ikishaiva anaikata magamba, kila gamba ukubwa wa kiganja cha mtoto, analichovya kwenye maji ya moto. Hapo ndipo penye ufundi. Ukiwahi kulitoa, linabaki laini kama sikio. Ukichelewa, linajikunja kama chapati iliyoungua. Ukilitoa wakati wake linakuwa gumu kama ubao, ukilipaka nta linang'aa, ukiligonga linakujibu.

Magamba hayo hakuyatoa kwenye sinema. Aliyatoa Msimbu, Kisarawe, alikozaliwa. Siku moja, yeye na mdogo wake Said wakiwa wadogo, mbwa wao walimzingira kakakuona vichakani nyuma ya mihogo. Mnyama yule akajiviringa. Mbwa wakauma, wakauma, mwisho meno yakawauma wao, wakaondoka mikia chini. Said akasema, "Kaka, mtu akiwa na ngozi ile hafi."

Ni maneno ya mtoto. Lakini kuna maneno ya mtoto yanayokaa kichwani mwa mtu mzima kama kokoto kwenye kiatu. Kila koti aliloshona Mbaraka tangu ajue kushika sindano lilikuwa kakakuona yule yule.

Basi Said alipoanza kukohoa, akaacha jembe, akawa mtu wa kukaa kwenye mkeka na mama yao, Bi Mboni, Mbaraka hakuuliza zahanati imesema nini. Alichukua futi kamba.

Usimcheke mapema. Alimpenda mdogo wake, na mikono yake ilijua kitu kimoja tu cha kufanya na mapenzi. Mara moja kwa mwezi alipanda bodaboda kupitia Kiluvya, kiroba cha magamba mapajani, akafika Msimbu, akamsimamisha Said uani mikono imetanuliwa, akampima. Koti lile lilikuwa bora kuliko yote. Alichora kila gamba kwa msumari aliousugua ncha, mistari mizuri kama ya ukili.

Mara ya kwanza lilimbana kidogo kifuani. Safari iliyofuata likapwaya.

"Ngozi imetanuka," Mbaraka alisema, akavuta mikanda, akatoboa matundu mapya.

Ngozi iliyochemshwa haitanuki. Hilo alilijua kama anavyojua jina lake. Safari nyingine akatoboa tena, akasema hali ya hewa, na koti akaliacha pale pale. Said alisimama, mbavu zikihesabika chini ya fulana, akageuzwa huku na huku kama nguo kwenye kamba.

Kisha ikaja safari ambayo alimkuta Said ameshalivaa koti, nalo lilimkaa. Lilimjaa sawasawa, kifua mbele, mabega yametuna. Mbaraka akarudi nyuma hatua mbili kulitazama, uso ukamwangaza.

"Umenenepa, mdogo wangu."

"Si ugali wa mama huo," alisema Said. Alitabasamu, ila hakuvuta pumzi ndefu.

Bi Mboni aligeukia sufuria, akaikoroga ilhali maji yalikuwa bado hayajachemka.

Mbaraka alimgonga mdogo wake kifuani kwa kifundo cha kidole. Ko, ko. Likajibu. Alirudi Mkuza akipiga mluzi nyuma ya bodaboda, akamwambia Hajra, "Said kapona," na wiki hiyo hiyo akaanza kuchemsha ngozi ya kofia, ili vazi litimie.

Kofia ilikuwa ndani ya maji simu ilipolia. Ni mama yake. Hakulia. Alisema tu, "Njoo. Mdogo wako katutoka."

Alifika Msimbu maiti imeshaoshwa. Wanaume walikuwa nje chini ya turubai, wanawake ndani, na kaburi lilikuwa linachimbwa, kwa maana sala ilipangwa baada ya adhuhuri na jua lilikuwa kali. Anayeongoza majembe alikuwa Salumu, jirani mwembamba, Mnyamwezi ambaye babu yake alitoka Tabora akaishia hapo.

Sasa kama wewe huna mtani, niruhusu nikueleze kidogo. Mzaramo, kama Mbaraka, na Mnyamwezi ni watani tangu mababu. Mmoja akifiwa, mwenzake ana ruhusa. Atavaa nguo za marehemu, atatembea kama marehemu, atasema kwa sauti ya marehemu maneno ambayo hakuna mwingine angethubutu, na wafiwa watacheka machozi yakiwa bado mashavuni. Mtani huyo huyo ndiye anayeshika jembe. Anakutukana na anakuzikia. Kuna jambo moja tu lisilofanywa: kumkasirikia.

Mbaraka alikuwa amekaa Mkuza miaka mingi. Misiba ya huko watu huja na viti vya plastiki, wanasema pole, wanaondoka.

Alikuwa bado anapewa mikono aliposikia kicheko kwenye kona ya nyumba. Salumu alitokea, udongo wa kaburi miguuni, amevaa lile koti. Mchi begani kama mkuki.

"Wazaramo, tulieni," alisema. "Hata kufa mnangoja mwambiwe. Mimi Said nimewatangulia."

Watu wakaguna, wakaanza kutabasamu. Salumu akakohoa. Hakikuwa kikohozi cha mchezo. Kilikuwa cha Said chenyewe, kile kinachoanza chini tumboni na kuishia na mluzi mdogo, na kila aliyekuwa pale alikitambua. Salumu ndiye aliyekuwa akimbeba Said kwenye baiskeli kwenda zahanati. Alikisikia mgongoni mwake njia nzima.

"Kaka yangu anakuja leo kutoka mjini," akaendelea kwa sauti ile nyembamba. "Mama, niletee nyama zangu."

Na akatoa kwapani furushi la kanga kuukuu. Akaanza kujipachika chini ya koti, moja moja. Moja tumboni. Moja kifuani. Mbili mabegani. Koti likatuna. Akajigonga, ko, ko, akasema kwa sauti ya Mbaraka, Mbaraka mwenyewe, mpaka ule mkao wa kurudi nyuma hatua mbili: "Umenenepa, mdogo wangu!"

Turubai zima liliangua kicheko. Wazee waliinamia magoti. Sheikh alijifanya anahesabu tasbihi, mabega yakimtikisika. Walicheka kwa sababu walikuwa wanajua. Kijiji chote kilikuwa kinajua kwamba safari ile ya mwisho, bodaboda iliposikika tu barabarani, Bi Mboni alimfunga mwanawe kanga chini ya ngozi ili kaka mtu asivunjike moyo.

Mbaraka alizitambua zile kanga. Ni za mama yake.

"Na dawa?" Salumu akajiuliza kwa sauti ya Said. Akajijibu kwa sauti ya Mbaraka: "Dawa mwezi ujao. Leo nimeleta mikanda."

Mbaraka alimpiga. Kofi moja, la mkono wa fundi makochi, likaangusha mchi na mtu.

Salumu aliinuka, akajipangusa, akavua koti akaliweka chini polepole kama kitu cha mgeni. Akawatazama wenzake waliokuwa wamesimama kwenye njia ya kaburini, akatikisa kichwa. Majembe yakalazwa chini. Kaburi lilikuwa limefika kiunoni, mwanandani wa kumlazia maiti haujakatwa.

"Mzikeni wenyewe maiti wenu," alisema Salumu. Wala hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayekwambia duka limefungwa.

Mbaraka akaokota jembe. Vijana wawili wa ukoo wakasogea kumsaidia, baba yake mdogo, Mzee Maulidi, akawazuia kwa fimbo.

"Acheni. Kaburi alilolianza mtani halimaliziwi na mtu aliyempiga mtani. Mnataka laana hiyo ibaki nyumba ya nani?" Akamgeukia Mbaraka. "Mjini wamekufundisha kununa, sivyo?"

"Baba, amemdhihaki maiti."

"Amekudhihaki wewe. Maiti alikuwa anacheka naye kila siku."

Jua lilikuwa linasogea. Ndani, Said alikuwa amelala kwenye jeneza, sanda imefungwa, na wanawake walikuwa wameacha kusoma ili wasikie huko nje kuna nini. Mbaraka alikwenda akachuchumaa mbele ya Salumu.

"Mtani, nisamehe. Nitozeni faini yoyote."

"Faini ipo," alisema Salumu. "Pesa yako weka. Umeniharibia mchezo katikati. Umalizie."

"Sijakuelewa."

"Vaa. Uwe Said. Watu wakicheka, tunashika majembe. Wasipocheka, jua hilo linatua na mtu wenu yumo ndani."

Mbaraka alimtazama baba yake mdogo. Mzee Maulidi alikuwa akitazama njia ya makaburini.

Basi alilivaa. Alikuwa amelishona kwa kipimo cha Said, na kipimo kile alikipunguza kwa mikono yake tundu baada ya tundu, kwa hiyo halikufunga. Lilimkata makwapa. Upande mmoja uzi ukakatika, magamba yakaachia kama meno. Akasimama pale mbele ya watu, mikono imetanuka kwa kubanwa, kama Said alivyokuwa akisimama.

"Kohoa," alisema Salumu.

Akakohoa. Hakuna aliyecheka.

"Hicho cha kwako. Tunataka cha kwake."

Akajaribu tena. Akagundua kwamba hakijui. Alikuja kila mwezi, akapima, akatoboa, na kikohozi cha mdogo wake hakuwahi kukisikiliza mpaka mwisho. Salumu akamfundisha pale pale, kama unavyomfundisha mtu njia: "Anza chini. Sasa ngoja. Sasa kiache kipige mluzi." Mbaraka akafanya. Mtu mmoja nyuma akacheka puani.

"Nyama zako."

Akaokota kanga moja. Nafasi ya kuipachika haikuwapo, koti lilikuwa limembana mpaka pumzi. Akasukuma, ikagoma, akasukuma tena, na jambo lenyewe likawa la kuchekesha, mtu mnene anajinenepesha. Wakaanza. Akasikia kicheko kikija, na Mungu amsamehe, akakifuata. Akaishika kanga ya pili kwa vidole viwili, akamtazama Salumu kwa macho ya Said, yale makubwa ya mwisho mwisho, akasema kwa sauti ya Said: "Kaka, sijanenepa. Mama ndiye kanenepesha koti."

Walipasuka. Na juu ya vicheko vyote alisikia kimoja kutoka mlangoni, chembamba, cha mwanamke aliyekaa siku nzima hajatoa sauti. Aligeuka. Bi Mboni alikuwa ameshika mhimili, kanga mdomoni, anacheka mpaka anaporomoka, na wanawake wawili wakamdaka kabla hajafika chini. Hapo ndipo Bi Mboni alipoanza kulia.

Salumu akachukua jembe lake. "Twendeni," akawaambia wenzake. "Mtani amekomaa."

Said alizikwa kabla ya alasiri. Mbaraka aliingia kaburini kumpokea, na alipomshika ndani ya sanda alimwona mwepesi kama kiroba cha magamba.

Jioni, watu wakila, Salumu alikuja akaketi karibu naye na sahani yake ya wali.

"Ile ya dawa," Mbaraka aliuliza bila kumtazama. "Alisema kweli?"

"Ile niliitunga mimi." Salumu alitafuna, akameza. "Yeye hakukusema vibaya hata siku moja. Siku ile namsaidia mama yenu kumfunga kanga, aliniambia tu, mtani, nikaze zaidi. Kaka akigonga, lisisikike tupu."

Kisha akasema koti ni haki yake kama mtani, akalichukua.

Siku hizi Mbaraka hashoni tena mavazi hayo. Pipa la magome Hajra amelisafisha, anawekea maji. Kila mwezi bado anakwenda Msimbu kumwona mama yake, na njia ya kwenda kwa mama yake inapita pembeni mwa shamba la Salumu la mahindi. Koti liko pale katikati, juu ya miti miwili iliyofungwa msalaba, linafukuza nyani. Salumu amelishindilia majani makavu, kifua mbele, mabega yametuna.

"Mtani," Salumu humwita akimwona, "njoo umpime ndugu yako. Ananenepa huyu."

Na Mbaraka husimama, hurudi nyuma hatua mbili, hucheka. Lazima acheke. Mama yake ni mzee sasa, na kijijini kwao wanaoshika majembe ni wale wale.