Peremende ya Ndegeni

Juzi ndani ya ndege mjukuu wangu alinichosha kwa malalamiko, kisa skrini ya kiti chake imegoma kuonyesha katuni. Nilikaribia kumfokea, nikamkumbuka mama.

Nilipokuwa mtoto, alasiri moja mimi na mama tuliruka kutoka Tabora kwenda Dar es Salaam, ndege ikinuka mafuta na ngozi ya viti. Mhudumu alipita na sinia la peremende za kuzibua masikio. Mimi nilidhani ni takrima tu ya wageni, na nyumbani sukari ilikuwa adimu, basi nikaifumbata yangu nimpelekee mdogo wangu Hamisi, aliyebaki kwetu Kanyenye, Tabora. Ndege ilipoanza kushuka, masikio yaliniuma nikalia.

"Mumunya peremende!" mama alisema.

"Ni ya Hamisi."

"Nimekwambia mumunya!"

"Ya Hamisi, mama!"

"Jamani, mtoto huyu ataniua!"

Abiria waligeuka. Mama akatema yake kiganjani, akanisukumia mdomoni. "Haya. Ya Hamisi itunze."

Maumivu yakapoa. Siku mbili zilizofuata mama hakusikia vizuri. Shangazi, mwenyeji wetu, alipomuuliza kulikoni, mama alinikazia macho ya hasira, kisha akajibu kwamba ni kelele za injini.