Nyumba Iliyonyamazishwa Kinyala

Nilikwenda Kinyala kwa sababu ya simu ya nesi Atupele. Mimi ni mtaalamu wa usikivu katika kliniki moja ya Mbeya, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni watu ambao masikio yao yanalia yenyewe. Mmoja husikia nyenje, mwingine filimbi, mwingine birika linalochemka lisiloepuliwa. Mzee Ambakisye, aliyeendesha mashine ya kusaga pale Kiwira tangu ujana wake, alikuja kwetu mara moja. Nilimpima, nikamweleza, nikampa tarehe ya kurudi. Hakurudi. Sasa Atupele, nesi wa zahanati ya kwao, alinipigia kusema kwamba mzee halali, amekonda, na amemwamuru mwanawe Gwakisa ahame nyumbani na mke na watoto kabla ya Jumapili.

“Mke wake alishafariki, dada,” alisema. “Hawa wakiondoka, atabaki na hilo sikio tu. Hamalizi mwaka.”

Mgonjwa wa namna hii hatibiwi kwa simu, hasa ikiwa simu yenyewe hataki kuiweka sikioni. Nikaomba ruhusa, nikafunga begi.

Ijumaa asubuhi nilitoka Mbeya. Baada ya Uyole barabara inaanza kupanda, na abiria wanaoijua safari wanavaa masweta bila kuambiana. Mimi si wa huku, nilizaliwa Morogoro, na kila mara huwa ninachelewa kuvaa. Tulipita Kiwira, ambako wanawake walikuwa wakipanga mikungu ya ndizi na ndoo za viazi kando ya lami, lakini sikushuka. Taratibu inataka mgeni wa afya aripoti wilayani kwanza, na wilaya ni Tukuyu.

Tukuyu nilipokelewa vizuri, nikasaini kitabu cha wageni, nikala ndizi za kupika na maharage, nikalala. Mlima Rungwe sikuuona. Mama mwenye nyumba ya wageni aliponiona natazama dirishani aliniambia nisijisumbue. “Upo,” alisema. “Ukungu ukitoka utauona, usipotoka mwakani upo vilevile.”

Jumamosi nilirudi hadi Kiwira, na pale nikamkuta Ombeni, dereva wa bodaboda aliyetumwa na Atupele. Tulishika njia ya Igogwe, tukapita hospitali na migomba yake, tukaendelea kupanda kuelekea Kinyala. Tope lilikuwa jekundu na teketeke. Ombeni ni mwongeaji, na nilimwacha aongee, kwa sababu dereva wa bodaboda anajua habari za mgonjwa kuliko faili lake.

“Yule mzee zamani alikuwa mtu wa watu,” alisema. “Siku hizi anakukaushia mazima. Unampa salamu asubuhi, anakuangalia tu. Hata mdogo wake kamsusa. Kwani kaumwa masikio au kaumwa roho?”

Nilimwambia sijui, na kweli sikujua. Tulipofika kwenye kona yenye mti wa parachichi alizima injini, akashuka, akaanza kusukuma pikipiki mlimani kwa mikono. Nilidhani mafuta yameisha.

“Hapa wote tunazima,” alisema kwa sauti ya chini. “Kwa mzee hakupigwi kelele.”

Nyumba ilikuwa nzuri, ya matofali ya kuchoma, na ua uliofagiliwa. Sijapata kuingia kwenye ua wa mkulima uliokuwa kimya namna ile. Kuku hawakuwepo, walikuwa wameuzwa. Ng'ombe alikuwa amefunguliwa kengele shingoni. Watoto watatu walicheza gololi juu ya gunia ili zisigongane na sakafu, na walipotaka kubishana walibishana kwa vidole. Ukutani sebuleni palikuwa na msumari mtupu ambapo redio ilikuwa ikining'inia. Kando ya mlango yalisimama magunia na masanduku ya Gwakisa, tayari yamefungwa kamba.

Atupele alikuwa ameshafika. Mzee Ambakisye alikaa kwenye kiti chake, amevaa koti, mrefu, macho mekundu. Nilimsalimu kama nilivyofundishwa kuwasalimu wazee wa huku, nikimwita baba kwa lugha yao: “Mugonile, tata?” Alinitazama, akaniashiria kiti, asijibu. Gwakisa aliinamisha kichwa kwa aibu.

Nilimwangalia masikio kwa kitochi changu. Yalikuwa safi, hayana nta wala usaha. Nikamuuliza kwa nini hakurudi kliniki.

“Nilifanya mlichosema,” alijibu. Kiswahili chake kina lafudhi ya nyumbani, r huwa l na z huwa s. “Ulisema kelele ya mashine ndiyo ilinihalibu. Ukasema nikae mbali na kelele. Nimekaa mbali. Mashine nimemwachia mtu. Ledio nimeondoa, kuku nimeondoa. Kila nikiondoa kitu, sikio linasidi. Wamebaki watoto.”

Maneno yale ni yangu, ndiyo tunayomwambia kila mtu wa mashine, na ni ya kweli. Lakini mzee huyu ni mtu wa utii: ukimwambia aache sukari kwenye chai, ataing'oa na miwa shambani.

“Na salamu je, mzee?” nilimuuliza. “Watu wanasema hujibu.”

Alinyoosha mgongo. “Mimi ni msee wa kanisa. Kila asubuhi wananiulisa, mugonile, umelala? Sijalala. Niseme ndiyo? Siwesi kuanza siku kwa uongo.”

Atupele aliweka mkono mdomoni. Gwakisa alimtazama baba yake kama anayemwona mara ya kwanza. “Baba,” alisema, “ile ni salamu tu. Hakuna anayeuliza usingizi.”

“Basi wasiulise,” alisema mzee.

Hapo nilijua kwamba kumwambia mtu huyu “tulia, utazoea” ni kazi bure. Alihitaji jambo la kweli analoweza kulithibitisha mwenyewe. Nikamuuliza kama kuna siku yoyote sikio linapungua. Alifikiri sana. Kisha akasema linapungua mvua ikinyesha. Juu ya bati hili, mvua ikiwa kubwa, hata husinzia. Alikuwa akimshukuru Mungu kwa huruma hiyo, na mwezi wa nane, mvua zilipopungua, aliona Mungu amegeuza uso.

“Mzee,” nilimwambia, “mvua juu ya bati ni nini?”

Aliinua macho kuangalia bati.

“Ni kelele. Koroboi ukiiwasha mchana huioni, usiku inajaza chumba. Si kwamba imekua. Giza ndilo limeikuza. Sikio lako lina mlio mdogo ambao siwezi kuuondoa, sitakudanganya. Lakini umeizimia nyumba nzima taa. Kelele ya mashine inaumiza. Kelele ya watu haiumizi sikio, ndiyo inayolifunika.”

Aliangalia magunia mlangoni. “Nimeshasema,” alisema hatimaye. “Ukoo wote umesikia nimesema.”

Niliona tumekwama. Nimewahi kushindwa na ugonjwa, lakini kushindwa na neno la mtu lililokwisha kutoka kinywani kunaniuma zaidi, kwa sababu halina kipimo.

Ndipo sauti ya mwanamke ikasikika nyuma ya ukuta wa jikoni. Alikuwa Sekela, mke wa Gwakisa, ambaye nilikuwa sijamwona. Katika familia za huku zinazoshika desturi, mke wa mwana haonani na baba mkwe wala hasemi naye. Hupita nyuma ya nyumba, na neno lake hupitia kwa mwingine. Tangu nifike alikuwa huko nyuma akisikiliza.

“Baba Tumaini,” alimwambia mumewe, “mwulize daktari: karanga ninazotwangia kwa jirani, nikitwangia hapahapa jikoni, ni kelele ya mashine au ya watu?”

“Ya watu,” nilijibu.

Gwakisa hakuthubutu kumgeukia baba yake. Mzee alishusha pumzi, akasema akielekea ukutani, si kwa mtu yeyote: “Mwambieni atwange.”

Mchi ulianza taratibu, kama unaoomba ruhusa, kisha ukapata mwendo wake. Mzee alikunja mikono kifuani kusikiliza, na uso wake ulikuwa wa mtu anayepima mizani ya muuzaji asiyemwamini. Baadaye kichwa kiliinama. Atupele alianza kusema kitu nikamzuia. Mzee alilala pale kwenye kiti, na koti lake, mchana, mbele ya wageni, na hakuna aliyeona ni utovu wa adabu. Gwakisa alitoka nje akasimama akiutazama ukuta wa jikoni. Alikuwa akilia, na mimi nilijifanya napanga vifaa.

Tulikula bila mzee. Kabla sijaondoka nilimwachia Gwakisa maelekezo: redio irudi, usiku iachwe kwa sauti ya chini, mzee aletwe kliniki kupimwa kifaa cha kusikia, kwenye mashine aende akiwa ameziba masikio. Kuhusu magunia sikusema kitu. Hilo halikuwa langu.

Jumapili nilirudi Mbeya. Mlima ulikuwa wazi, na nikiri ni mzuri. Njiani nilifikiria maneno yangu ya kliniki. Kwa miaka nimewaambia wagonjwa waepuke kelele, na sikuwahi kuwauliza nani anaishi nyumbani mwao na ni kipi wamekizima kwa ajili yangu. Siku hizi nauliza hilo kwanza, kabla ya kuwasha kipimo.

Baada ya wiki kadhaa simu ililia, namba ya Gwakisa. Aliyesema alikuwa mzee mwenyewe, kwa sauti kubwa ya mtu asiyeiamini simu. Alitaka kujua tarehe ya kupimwa kifaa. Nilianza kumjibu, lakini hatukusikizana, maana nyuma yake watoto walikuwa wakigombania kitu na mmoja alipiga ukelele mkali.

“Nyamaseni!” aliwafokea. “Naongea na dokta!”

Kukawa kimya kabisa. Nilimsikia akipumua. Kisha akasogeza simu mbali na mdomo.

“Hapana,” aliwaambia. “Endeleeni.”