Nilikwenda Geita Kuuliza Waswezi ni Nani

Mama alipozidiwa na ugonjwa alitaka kubatizwa. Katekista wetu wa Mhunze akakataa. "Mama yako ni Mswezi," aliniambia. "Ile ni dini nyingine. Aikane kwanza." Mama akasema hakani kitu. Nilipomuuliza Waswezi ni nani hasa, na jina hilo limetoka wapi, alikataa, kwa kuwa asiyeingizwa kwenye ngoma yao haambiwi. Nikafunga safari kwenda Geita kwa mjomba, Mswezi mwenzake. Nilitumaini likiwa jina la uganga tu, katekista atalegea.

Shinyanga mjini nililala kwa fundi cherehani, Mnyamwezi, rafiki wa marehemu baba. "Waswezi walikuwa wafalme wa magharibi," alisema. "Walipotea ardhini, sasa mizimu yao inapanda watu." Sikulala vizuri. Wafalme waliopotea ni dini, au ni habari za kale tu?

Kwenye kivuko, baada ya Mwanza, mama mmoja wa Kizinza alinicheka. "Wafalme gani, baba? Ni waganga wa kwetu hao. Ninyi Wasukuma mmewachukua tu."

Geita nilimkuta mjomba ametoka zamu mgodini, vumbi mpaka kwenye kope.

"Shikamoo mjomba. Waswezi ni nani, na jina hilo limetoka wapi?"

"Marahaba. Jina nitakwambia ukishaingia. Sasa hivi wewe ni mtu wa nje."

"Nikiingia, katekista je?"

"Atakukataa na wewe!"

Akacheka sana. Mimi nilikasirika, nusura nilie. Asubuhi akanipa simbi moja nyeupe, kauri wanayovaa Waswezi, nimpelekee dada yake.

Nyumbani, mama aliifumbata ile simbi. "Wamekwambia?"

"Hapana, mayu."

"Ng'wanawane, siku nilipokuzaa nilipoteza fahamu. Waswezi walipiga njuga hapo mlangoni mpaka nikafumbua macho. Niwakane vipi?"

Katekista alikuwa uani na baiskeli yake, anangoja jibu la safari yangu. Nilikuwa na majibu mawili yanayopingana na la tatu nililonyimwa. Nikamwambia sijui kitu, aingie amuulize mwenyewe.

Alikaa humo hata nikachoka kusimama. Alipotoka aliomba maji. Nikamletea kata, nikidhani ana kiu. Hakunywa, akarudi nayo ndani.

Waswezi ni nani, mpaka leo sijui. Ninachojua ni kwamba mama alibatizwa jioni ile, na simbi ilikuwa mkononi mwake, na katekista aliiona.