Hondohondo wangu bado anaangalia giza, mwenye ua yuko wapi?

Wakuu, hamjambo huko mliko. Hii ni yangu mwenyewe, sijaitia chumvi.

Miaka ya themanini nilikuwa Form Two, shule ya wasichana huku Kitui. Nilikuwa naogopa watu. Wiki ingeisha nimeongea na diary tu.

Siku moja wildlife club ikataka picha za ukutani. Sijui nini kilinipanda, nikainua mkono.

"Nitaleta hondohondo na ua la kiluma, kwa picha moja."

Kiluma ni ile aloe yetu, ilikuwa kule mtoni. Hondohondo, yule ndege wa mdomo mkubwa, alikuwa anakuja jikoni kwa nyanya yangu kuiba makombo. Hawajawahi kukutana hao wawili.

Wakacheka. "Huyu salamu zenyewe zinamshinda, atabembelezaje ndege?"

Likizo nikaenda mjini Kabati kwa Mzee Yusuf wa studio ya picha. Akaniazima kamera yake kuukuu na karatasi nyeusi.

"Mwanangu, funika nusu ya lenzi, piga ua. Filamu usisongeshe. Halafu funika nusu ile nyingine, piga ndege. Watatoka pamoja."

Nikapiga ua. Mkono ukasongesha filamu wenyewe, mimi sina habari, nikaenda nikapiga ndege.

Zikatoka picha mbili. Moja ua kushoto, kulia giza. Nyingine ndege kulia, kushoto giza. Na shule inafunguliwa kesho yake, filamu imeisha.

Kwa club nikaziweka mezani, nikaangalia viatu. Wakacheka mpaka wakatoka.

Akabaki Mwende, msichana aliyelala kitanda cha juu yangu. Tulikuwa hatujawahi kuongea.

"Kwani wewe, umezika ndege akiwa hai?"

Akachukua picha ya ua, akakunja ile nusu nyeusi kwa nyuma, akailaza juu ya giza la ile ya ndege.

Wakuu, wakakutana! Hondohondo anachungulia ua kama jirani aliyesikia harufu ya nyama.

Tukaibandika hivyo. Muhula huo diary yangu ilibaki tupu.

Muhula uliofuata babake Mwende akahamishiwa kazi Makueni, naye akahamishwa shule. Asubuhi ya kuondoka Mwende akazibandua zile picha ukutani.

"Mimi nabeba ua. Wewe baki na huyu mlafi."

Sikuuliza anaenda sehemu gani ya Makueni. Niliona haya.

Kwa hivyo nyinyi wenye haya, mtu akibaki nyuma kwa sababu yako, muulize kwao ni wapi. Hata kwa kunong'ona.

Kama kuna mtu ameona kwa mamake picha ya black and white, ua la kiluma kushoto, mkunjo katikati, aniandikie hapa chini.

Wengine chekeni tu, nimezoea.