Sakafu Moja kwa Majengo Mawili

Ofisini wote walimwita Shemeji, hata bosi, ambaye kwa umri angeweza kumzaa. Mumewe ndiye aliyetangulia kuajiriwa pale, na wahandisi wenzake walikwisha kumfanya ndugu yao, basi yeye alipokuja akapokewa kama mke wa ndugu, jina lake likabaki kwenye mkataba tu. Meza zao zilitazamana. Mume na mke waligombania feni mchana kutwa, na jioni wakarudi kwa mama mkwe wakiendeleza ugomvi uleule.

Mume akafariki kwa homa, hata kabla watu hawajakubali kwamba anaumwa kweli. Msiba ulipokwisha Shemeji alirudi kazini, na bosi akamkabidhi kazi ambayo marehemu aliiacha njiani: wodi ya wazazi ya ghorofa nne. Ilikuwa ya majengo mawili yaliyosimama ubavu kwa ubavu, moja kubwa na moja dogo, yakitenganishwa na mwanya wa upana wa kiganja, ili ardhi ikitikisika kila moja liyumbe kivyake bila kumgonga jirani. Nguzo za chini za jengo dogo zilikuwa zimeshamwagwa zege.

Sasa, katika programu ya kukokotoa majengo, sakafu haijijui kuwa ni sakafu. Lazima iambiwe. Mhandisi huchagua nukta zote ambako nguzo zinakutana na sakafu hiyo, akazipa kitu kinachoitwa diaframu, na kuanzia hapo kompyuta huziona kama kipande kimoja kigumu: upande huu ukisukumwa, upande ule nao unakwenda. Ni kazi ya kubofya mara mbili tatu, na kwa wepesi wake huo watu huifanya huku akili iko kwenye chai.

Shemeji aliifungua modeli ya mumewe, akaipa msukumo wa tetemeko, akatazama picha ikicheza. Majengo yote mawili yalikwenda kushoto pamoja, yakarudi kulia pamoja. Mwanya kati yao haukupanuka wala kufinyika hata kidogo. Akazikagua nukta moja moja. Marehemu alikuwa amezoa nukta za pande zote mbili kwa mkupuo mmoja, akazipa diaframu moja kila ghorofa. Mahali palipokuwa na hewa tupu, kompyuta ilikuwa imeambiwa pana sakafu, na lile jengo dogo lilikuwa likiegemea kuta nene za lifti za mwenzake bila kumgusa.

Akatenganisha. Kila jengo akalipa diaframu zake, akaiendesha programu upya. Nguzo za chini za jengo dogo zikageuka nyekundu mstari mzima, yaani mzigo umezishinda.

Alimkasirikia mumewe. Alimkasirikia kwa hasira ileile ya feni, na kiti cha mbele yake kilikuwa kitupu, hakuna wa kumrushia neno.

Bosi alisoma matokeo, akavua miwani, akaivaa tena.

"Shemeji, hili tulimalize kimya kimya. Nguzo tutazinenepesha, kuta tutaongeza. Mteja tutamwambia tumezidisha usalama. Jina la marehemu libaki safi. Mama yake mwenyewe ni mtu mzima, hili litammaliza."

Hakutaja kwamba aliyeikagua modeli ile na kuitia sahihi ni yeye. Shemeji naye hakutaja.

"Na yale mengine mawili?"

"Yapi?"

"Aliyoyafanya mwaka jana. Kila moja nalo lina mwanya katikati, na watu wanaishi humo."

"Hayo yamesimama, Shemeji."

"Hata hili lingesimama, bosi. Mpaka siku ardhi itikisike."

Bosi akashusha pumzi. "Ukiyafungua hayo utaulizwa sababu. Na sababu ni mumeo."

Hilo alilijua. Angekubali kunyamaza, mumewe angebaki yule ambaye watu wote walimsifu, na watu wa majengo yale wangeendelea kulala wasijue wamelala ndani ya nini. Alihangaika nalo siku nzima, akitamani amuulize mtu, na mtu aliyekuwa akimuuliza mambo ya namna hii ndiye aliyekuwa kaburini. Mwishowe akajikaza kisabuni, akaandika taarifa, akaisoma mwenyewe mbele ya mteja na mkandarasi: kosa ni hili, aliyelifanya ni marehemu mume wangu. Sauti yake haikutetemeka mpaka kwenye neno marehemu. Bosi alikuna kidevu, akatazama dirishani, kisha akasema, "Na mkaguzi nilikuwa mimi." Ilimgharimu, lakini alisema.

Kazi ya wodi ikasimamishwa. Yale majengo mengine yakakokotolewa upya. Moja likaonekana salama, la pili wapangaji wakahamishwa wakati kuta zikiongezwa.

Habari hazina miguu lakini zilifika kwa wifi yake kabla ya jioni. "Umemvua nguo kaka yangu," alifoka kwenye simu, "na udongo wa kaburi haujakauka! Mama nimeshamwambia. Shauri yako."

Mama mkwe alikuwa sebuleni, televisheni imezimwa, mikono mapajani.

"Ni kweli mwanangu alikosea?"

Shemeji alikuwa na maneno matamu tayari, njia nzima alikuwa akiyapanga. Yote yalimkimbia.

"Ndiyo, mama. Alikosea."

"Alifanyaje?"

"Alichukua majengo mawili akayafunga kama moja. Hakutazama pale katikati."

"Hakutazama."

"Hakutazama, mama."

Mama mkwe akatikisa kichwa taratibu, kisha kitu kama kicheko kikamponyoka, na Shemeji akaogopa.

"Yule alikuwa hatazami hata vifungo vya shati lake! Anaanzia katikati, upande mmoja unapanda, mwingine unashuka, namkamata mlangoni namfungua naanza upya. Hata siku ya harusi yenu. Alikusimulia?"

"Hapana."

"Aliona haya." Akajifuta macho kwa upindo wa nguo. "Binti yangu, tangu afariki watu wanakuja hapa kunisimulia malaika. Hakukosea, hakukasirika, hakufanya hivi. Naitikia tu, asanteni, asanteni. Chozi halitoki, maana huyo wanayemsema mimi simjui." Akasogea, akampisha nafasi kwenye kochi. "Huyu uliyekuja naye leo ndiye mwanangu. Kaa hapa tumlilie."

Shemeji akakaa, viatu bado miguuni.