Ndama Nyuma ya Mama Yake

Rwehumbiza alipopewa kazi ya kutengeneza programu ya simu ya chanjo ya ng'ombe, alizunguka mazizi ya Usagara akiwasikiliza wafugaji. Msukuma hakutajii mifugo yake ovyo. Anaanza na mama, anafuata ndama, kisha wajukuu. Basi akaamua kuzifunga kumbukumbu kama mnyororo, kila ng'ombe amjue anayemfuata tu. Akizaliwa ndama, unafungua pingili moja, unamchomeka nyuma ya mama yake, wengine hawaguswi.

Modesta, mwenzake katika ofisi yao ya Kiseke, alimpinga.

"Kaka, kabla ya kumchomeka si lazima umpate huyo mama? Kwenye mnyororo utamtafuta tangu ng'ombe wa kwanza. Tutumie safu, orodha moja inayojipanua, tuipange kwa namba za hereni za masikioni, simu imfikie mnyama bila kupita kwa wote. Ndama tumwandikie namba ya mama yake, basi."

"Na kila ndama mpya nimsogezee maelfu yote yale apate nafasi?"

"Kusogeza kompyuta haioni kazi. Ndama huzaliwa kwa msimu; hereni tutazisoma kutwa."

"Dada, haya nimeyasomea," alijibu, akacheka, akaendelea na mnyororo wake.

Siku ya chanjo foleni ya ng'ombe ilifika barabarani. Kila hereni iliposomwa, simu iliganda, ikiutembea mnyororo mzima kumtafuta mnyama, halafu mama yake, halafu bibi yake. Barafu kwenye boksi la dawa ikaanza kuwa maji.

"Mhaya, simu yako inachunga au inalala?" Mzee Nkwabi, mfugaji aliyekuwa mbele ya foleni, alimuuliza Rwehumbiza, na wachungaji wakaangua kicheko.

Daktari wa mifugo, Bernadeta, hakucheka. "Nani ameandika sehemu hii ya kutafuta?"

Modesta alikuwa hapo hapo, ameshika kamba ya ndama. Rwehumbiza akatazama chini. "Tuligawana kazi, Daktari. Kutafuta alifanya Modesta."

Kukosea kuchagua ni jambo la kila fundi. Hili lilikuwa wizi: alichukua jina jema la mtu akaacha kosa lake mwenyewe mahali pake.

"Binti, kama kazi imekushinda, sema. Sitakuita tena," Bernadeta alisema.

Modesta alimgeukia Rwehumbiza, akangoja. Kungoja kule kulimchoma kuliko kofi.

"Daktari, si yeye," Rwehumbiza alisema hatimaye. "Ni mimi. Yeye alinikataza."

"Na ukaniacha nimgombeze mbele ya wazee?"

Mzee Nkwabi, aliyekuwa akitania, alitema mate pembeni, akaanza kugeuza ng'ombe wake bila chanjo. Bernadeta akafunga boksi, akampa Modesta simu.

"Panga unavyojua wewe. Tutarudi Jumatatu."

"Modesta, niruhusu nikueleze nilipo—" Rwehumbiza alianza.

"Shika ndama," Modesta alimwambia.

Akaishika kamba. Wachungaji walipita karibu naye mmoja mmoja, na hakuna aliyemtania tena.